Barua pepe haionekani kwenye kompyuta ya ofisini: pa kutafuta na pa kutogusa

Kila wiki swali ni lile lile, linabadilika midomo tu. Mhasibu anasema msambazaji ametuma ankara tangu jana na yeye haioni. Katibu muhtasi anasema barua za mwaka juzi zilikuwepo, leo hazipo. Mwingine anafungua Outlook asubuhi anakuta inboksi nyeupe pe. Nimeandika hatua hizi ili mtu asiyejua mambo ya seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza barua, azifuate mwenyewe mezani kwake kabla hajaita fundi, na kabla hajaharibu kitu.

Nazungumzia Outlook ya kawaida kwenye Windows, maana ndiyo iliyojaa maofisini kwetu. Kama juu kulia kuna swichi ya "New Outlook" na imewashwa, izime kwa muda, la sivyo menyu nyingi nitakazozitaja hutaziona. Wenye Gmail na Thunderbird nao watapata chao njiani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Anwani yako kamili na nenosiri. Kama akaunti huwa inadai namba ya uthibitisho, simu inayopokea namba hiyo iwe karibu na iwe na chaji.
- Taarifa za barua unayoitafuta: anwani kamili ya mtumaji, kichwa cha barua, siku na saa iliyotumwa, na kama ilikuwa na kiambatisho. Saa iandike kwa tarakimu kama kompyuta inavyoiandika. Ukiandika "saa 3", mtu wa IT atapekua 03:00 usiku wakati barua yako iliingia 09:00 asubuhi.
- Neno kutoka kwa mtumaji. Mwombe aangalie kama alirudishiwa ujumbe ulioandikwa "Undeliverable" au uliotoka kwa "Mail Delivery Subsystem". Akiwa nao aupige picha akutumie kwa simu. Humo ndani sababu huwa imeandikwa.
- Karatasi na kalamu ya kuandika kila unachobadilisha.
- Kama kompyuta si yako, mwenye akaunti akae pembeni yako muda wote. Barua za mtu ni za kwake hata kama kompyuta ni ya kampuni.

Usiguse haya kwanza

Usifute akaunti kwenye Outlook ukitumaini kuiweka upya. Ushauri huu unatolewa sana maofisini na unaumiza watu. Akaunti ya Exchange au IMAP (aina ambazo barua hukaa kwenye seva na kompyuta hubeba nakala) ukiifuta, nakala iliyoko kwenye kompyuta inaondoka nayo, pamoja na rasimu na barua zilizokwama kwenye "Outbox" ambazo hazijafika kwenye seva. Akaunti ya POP (aina inayozishusha barua kwenye kompyuta) ukiifuta, faili la barua hubaki kwenye diski lakini Outlook huacha kulionyesha. Wiki inayofuata anakuja fundi mwingine, anaona hakuna kitu, anafomati. Hapo ndipo barua zinapotea kweli.

Usisafishe "Junk Email" wala "Deleted Items" ili kupata nafasi hadi umalize kutafuta. Na usikubali kompyuta ifomatiwe kwa sababu ya barua pepe kabla ya kujua akaunti ni ya aina gani. Aina tutaiangalia hatua ya 7.

Hatua zenyewe

1. Fungua barua pepe yako kupitia kivinjari. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka, kwa sababu ndiyo inayokuambia uelekee wapi. Ofisi inayotumia Microsoft 365, nenda outlook.office.com. Gmail ya kawaida au ya kampuni, mail.google.com. Kama barua zenu ziko kwa kampuni inayohifadhi tovuti yenu, mara nyingi ni jina la domeni yenu (lile linalofuata alama ya @ kwenye anwani) likifuatiwa na /webmail. Ingia, kisha andika jina la mtumaji kwenye kisanduku cha kutafutia.

Ukiiona barua huko, shusha pumzi. Iko salama kwenye seva, ni kompyuta tu isiyoionyesha. Fuata hatua ya 2 hadi ya 5. Usipoiona hata huko, pitia kwa haraka ya 4, kisha nenda ya 6 na kuendelea.

2. Hakikisha Outlook inaongea na seva. Tazama mstari wa chini kabisa wa dirisha, upande wa kulia. Ukisoma "Working Offline", nenda kichupo cha "Send/Receive" na ubofye "Work Offline" mara moja ili kuizima. Ni kitufe kinachobofywa kwa bahati mbaya, na kikishabofywa Outlook hukaa kimya bila kulalamika. Ukisoma "Need Password", bofya maneno hayo uweke nenosiri jipya. Hutokea sana baada ya mtu kubadilisha nenosiri kwenye simu na kusahau kompyuta. Ukisoma "Disconnected" wakati tovuti nyingine zinafunguka, angalia saa ya kompyuta.

Ndiyo, saa. Kompyuta za mezani zina betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi CR2032. Ikichoka, kila umeme unapokatika kompyuta inawaka na tarehe ya miaka iliyopita. Seva ikionyesha cheti chake cha usalama, kompyuta inakiona ni cha wakati ambao haujafika, inakikataa, na barua haziingii. Dalili yake ni kwamba hata kivinjari kitakuonya kuwa tovuti si salama. Rekebisha tarehe na saa, fungua Outlook upya, bonyeza F9. Barua zikimiminika, nunua betri leo leo, la sivyo kesho umeme ukikatika utarudi pale pale.

3. Angalia kama inboksi imefichwa na muonekano. Juu ya orodha ya barua kuna maneno "Focused" na "Other". Outlook inajichagulia yenyewe barua zipi ni muhimu, na ankara ya msambazaji mpya inaweza kutupwa "Other". Bofya huko. Ukiikuta, bofya kulia juu ya barua na uchague "Always Move to Focused". Kama orodha yako ina "All" na "Unread", hakikisha umesimama kwenye "All".

Kisha tazama mpangilio. Kama barua zimepangwa kwa jina la mtumaji badala ya tarehe, barua ya leo inaweza kuwa katikati ya orodha na wewe unaitafuta juu. Tazama pia makundi kama "Last Week": kishale kidogo kikiwa kimefungwa, barua zote za kundi hilo hazionekani. Na kama chini kushoto mwa dirisha pameandikwa "Filter applied", kuna chujio linalokuficha barua. Dawa ya haya yote ni moja: kichupo cha "View", kisha "Reset View". Kama huioni hapo hapo, fungua "Current View". Haifuti barua hata moja. Inarudisha tu muonekano wa awali.

4. Tafuta kwenye sanduku zima. Bonyeza Ctrl+E, kisha badilisha "Current Folder" iwe "All Mailboxes". Watu wengi hutafuta ndani ya folda moja halafu wanatangaza barua imepotea. Ukitaka kujua barua iko folda gani, bonyeza Ctrl+Shift+F, andika jina la mtumaji, na kwenye majibu soma safu ya "In Folder".

Mahali pa kutazama kwa jicho lako: "Archive", "Deleted Items", na folda ndogo zilizo chini ya inboksi. Ukibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, kile cha kufutia herufi, huku barua ikiwa imechaguliwa, Outlook huipeleka "Archive" papo hapo. Anayefuta herufi akidhani yuko kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kuhamisha barua kadhaa bila kujua. Mausi nayo, hasa iliyochoka, huburuta barua hadi folda ya jirani. Kwa Gmail, barua uliyoitelezesha kidole kwenye simu imo ndani ya "All Mail".

5. Kama zinazokosekana ni za zamani, ongeza muda wa kuhifadhi. Akaunti za Exchange na Microsoft 365 huweka kwenye kompyuta barua za kipindi fulani tu, mara nyingi miezi 12, na kwenye kompyuta yenye diski ndogo hata mwezi 1 au miezi 3. Nenda "File", "Account Settings", kisha "Account Settings" tena, bofya akaunti yako mara mbili, usogeze kitelezi hadi "All". Funga Outlook na uifungue upya. Tahadhari kwa wanaotumia bando: barua za miaka mitano zitashuka zote. Ifanye jioni kwenye intaneti ya ofisi, au soma za zamani kupitia kivinjari.

Kwenye kompyuta zilizodumu ofisini, angalia pia "AutoArchive". Hii huzihamishia barua za zamani kwenye faili liitwalo archive.pst, kwa kawaida ndani ya "Documents", folda ya "Outlook Files". Lifungue kupitia "File", "Open & Export", "Open Outlook Data File". Likionekana, linakili kwenye diski ya nje siku hiyo hiyo. Barua zilizomo humo haziko mahali pengine popote.

6. Pekua barua taka na kanuni. Folda ya "Junk Email" uiangalie kwa macho, usitegemee kutafuta. Ukiikuta barua, chagua "Not Junk" na umweke mtumaji kwenye "Safe Senders". Kwenye Gmail usichelewe, kwa sababu barua taka hufutwa zenyewe baada ya siku 30. Ofisi za Microsoft 365 zina pia karantini: security.microsoft.com/quarantine, humo hukaa barua ambazo hazikuruhusiwa hata kufika kwenye barua taka.

Sasa kanuni, yaani maagizo yanayohamisha barua zenyewe. Nenda "Home", "Rules", "Manage Rules & Alerts". Halafu, kwenye kivinjari, fungua mipangilio na usome sehemu za "Rules" na "Forwarding". Kwenye Gmail ni "Filters and Blocked Addresses" pamoja na "Forwarding and POP/IMAP". Soma kanuni moja moja. Nyingine utaikumbuka, uliiweka mwenyewe ili barua za benki ziende folda ya benki. Hizo hazina neno.

Lakini kuna kanuni ambayo hukuiweka wewe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mhasibu mmoja alilalamika kwamba msambazaji wao mkubwa ameacha kujibu barua. Tulipofungua kanuni tulikuta moja yenye jina la nukta tu: kila barua yenye maneno "invoice", "payment" au "bank" iwekwe alama ya kusomwa na ipelekwe kwenye "RSS Feeds", folda ambayo ofisini hakuna anayeifungua. Msambazaji alikuwa anajibu siku zote. Mwizi alikuwa ameshika nenosiri, anasoma majibu yeye, na alikuwa anajiandaa kutuma barua ya "tumebadilisha namba ya akaunti ya benki". Wizi wa namna hii unafahamika duniani kote na njia yake ni hiyo hiyo: kuficha barua ili wewe na mwenzako msielewane.

Ukikuta kanuni usiyoijua, ipige picha kabla ya kuifuta. Badilisha nenosiri kutoka kwenye kifaa kingine, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Mpigie msambazaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Iliyoandikwa kwenye barua usiiamini. Kama malipo yameshatoka, piga simu benki dakika hiyo hiyo, polisi wafuate. Mjulishe bosi bila kuogopa kulaumiwa. Kukaa kimya siku moja kunatosha fedha kuhama.

7. Jua kama akaunti ni POP. Rudi "Account Settings" usome safu ya "Type". Ukiona "Microsoft Exchange" au "IMAP/SMTP", ruka hatua hii. Ukiona "POP/SMTP", umeshapata mshukiwa mkubwa.

POP huchukua barua kwenye seva na kuileta kwenye kompyuta, na isipoambiwa vinginevyo huifuta kule ilikotoka. Fikiria anwani ya info ya ofisi ndogo: imewekwa kwenye kompyuta ya mapokezi na kwenye ya meneja, zote kwa POP. Anayewahi kuwasha asubuhi ndiye anayebeba barua, mwenzake anabaki kusema mtandao mbovu. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika, nenda kwenye kila kompyuta na kila simu yenye anwani hiyo ukatazame, pamoja na simu ya mfanyakazi aliyeondoka ambayo haikuondolewa akaunti.

Marekebisho: ndani ya mipangilio ya akaunti bofya "More Settings", kichupo cha "Advanced", weka tiki kwenye "Leave a copy of messages on the server". Chini yake kuna tiki nyingine inayofuta barua kwenye seva baada ya siku 14. Iondoe kama seva ina nafasi. Fanya hivyo kwenye kila kifaa, kwa sababu kimoja tu kikibaki bila tiki kitaendelea kumaliza barua za wote. Kwa muda mrefu, hamieni IMAP, mlango (port) 993. Ila kabla ya kuhama funga Outlook, tafuta faili la .pst, lile lenye barua zako, ulinakili kwenye diski ya nje, na ulifungue hapo hapo uhakikishe nakala inasomeka.

8. Angalia kama sanduku limejaa. Mtumaji atakuwa amerudishiwa ujumbe wenye maneno "mailbox full" au "quota exceeded". Sanduku za kampuni zinazohifadhi tovuti huwa ndogo, na Gmail ya bure ni GB 15 ambazo barua zinagawana na Drive na Picha. Anza na "Sent Items", panga kwa ukubwa, ondoa viambatisho vizito ulivyokwisha kuvihifadhi kwingine. Barua zilizorudishwa wakati sanduku limejaa hazitakuja zenyewe. Waombe waliotuma watume upya.

Kama ofisi nzima imeacha kupokea kwa wakati mmoja na hata tovuti yenu haifunguki, muulize anayelipia domeni. Domeni ya .co.tz au .co.ke ikiisha muda wake, barua nazo husimama.

9. Rudisha zilizofutwa. Kama haimo hata "Deleted Items", simama kwenye folda hiyo kisha kichupo cha "Folder", "Recover Deleted Items from Server". Kwa Microsoft 365 barua hukaa humo siku 14, na msimamizi anaweza kuongeza hadi 30. Gmail huiweka kwenye "Trash" siku 30. Kwa akaunti ya kampuni, msimamizi ana siku 25 nyingine za kuirudisha baada ya hapo.

Ikikataa bado

Inboksi nzima ni tupu ghafla. Tazama upande wa kushoto kama kuna inboksi mbili zenye majina tofauti. Barua zinaweza kuwa zinaingia kwenye faili jingine la data. Kwenye "Account Settings", kichupo cha "Data Files" kinaorodhesha mafaili yote na mahali yalipo.

Barua unaiona kwa macho lakini kutafuta hakuileti. Faharasa ya Windows, orodha inayotumika kutafutia, imeharibika. "File", "Options", "Search", "Indexing Options", "Advanced", kisha "Rebuild". Acha kompyuta ikiwa imewaka hadi imalize; inaweza kuchukua saa nyingi.

Outlook inaganda au inadai faili limeharibika. Umeme ukikatika Outlook ikiwa wazi, faili la .pst linaweza kuumia, na likiwa kubwa hatari inaongezeka. Kikomo chake kwenye matoleo ya tangu 2010 ni GB 50. Funga Outlook, nakili faili kwanza, ndipo uendeshe SCANPST.EXE, programu ya kutengeneza mafaili hayo, iliyomo kwenye folda ya Office ndani ya "Program Files". Kama faili ni la .ost, la Exchange au IMAP, huhitaji kulitengeneza: libadilishe jina na ufungue Outlook, italijenga upya kutoka kwenye seva. Kabla ya hapo tazama "Outbox" na rasimu kama kuna kitu ambacho hakijafika kwenye seva.

Thunderbird inaonyesha folda yenye mapengo. Bofya kulia juu ya folda, "Properties", "Repair Folder".

Mtumaji anaapa ametuma, na huku hakuna dalili. Mwombe picha ya barua kutoka kwenye "Sent" yake, anwani ikionekana yote. Kompyuta yake inaweza kuwa inajaza yenyewe anwani yako ya zamani, au herufi moja imekosewa na barua imeangukia kwenye domeni ya watu wengine.

Ukifika hapa bila kuipata, mpelekee msimamizi wa barua pepe zile taarifa ulizoziandika mwanzoni. Mwenye Microsoft 365 anao uwezo wa kufuatilia safari ya barua kwenye seva: akatazama ilipokelewa, ilizuiwa au ilikataliwa.  Kumbukumbu hizo zikipita siku 90 hazipo tena, kwa hiyo usikae nayo. Mkumbushe pia kwamba kumbukumbu za seva zikiwa kwa saa za UTC (saa za kimataifa), ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3: barua ya 09:00 ataikuta 06:00.